Makungwi mnao wengi, mnachokosa ni mshenga

Swali lililoletwa nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mama. Mi ni mhasibu hapa Mtwara mjini, nina miaka 34. Tuna grupu la WhatsApp la wanawake tuliosoma chuo kimoja cha biashara na uhasibu, tupo 43, wengine wako Masasi, Newala, Lindi, Kilwa na wachache Dar. Kila mwaka tunashona sare, tunakula, tunapiga picha, basi. Kati yetu wote mameneja ni wawili tu. Tumesikia vyuo vikubwa vya nje vina programu za wanawake waliohitimu kwa ajili ya kuwapandisha kwenye uongozi. Je na sisi tunaweza, tuanzie wapi, tutafute mfadhili? Na baadhi ya waume na mabosi wanasema tunaanzisha chama cha kuwasema wanaume."

Marahaba mwanangu. Meseji yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikacheka kwenye sare maana na mimi nina vitenge vinne kabatini vyote vya vikundi ambavyo havipo tena. Mara ya pili sikucheka, hapo kwenye 43 na mameneja wawili.

Ngoja nikupe kisa changu kwanza ndo utaelewa nakoelekea. Nilikuwa na umri kama wako, afisa mikopo kwenye taasisi moja ya fedha, siitaji. Ikatoka nafasi ya umeneja wa tawi, Tunduru. Nina miaka saba kazini, mikopo yangu inarudi, mafaili yangu mkaguzi akiyafungua anafunga mwenyewe bila neno. Kikao kikakaa mi nikiwa likizo ya uzazi. Nafasi akapewa mwingine, nikasema sawa, riziki. Miaka miwili baadae dada aliyekuwa anaandika muhtasari wa kile kikao akanisimulia ilivyokuwa. Jina langu ndo lilikuwa la kwanza kwenye karatasi! Mzee mmoja, tena si mtu mbaya kabisa, akasema "huyu ana mtoto mchanga, tukimpeleka Tunduru si tutamtesa", wengine wakatikisa vichwa, wakaenda jina la pili. Dakika mbili haikufika. Hamna aliyesema siwezi kazi, walinionea huruma tu, na hamna aliyesema mpigieni simu mumuulize. Sasa Tunduru ndo kwao mama yangu mzazi, ningeenda hata kesho yake na mtoto mgongoni na bibi yake yuko kule anamsubiri. Nikamuuliza yule dada, we si ulikuwa unajua kwetu ni Tunduru? Akasema nilikuwa najua, lakini mi nilikuwa naandika tu.

Hiyo "naandika tu" imenifundisha kuliko kozi zote nilizohudhuria.

Sisi huku kusini makungwi hatujawahi kupungukiwa. Kungwi anakuweka ndani, anakufunda, anakurekebisha, anakwambia ukweli ambao mama yako ataona haya kukwambia. Kwenye mambo ya kazi huyo ndo wanayemwita menta, na grupu lenu nina uhakika limejaa wa hivyo, kila ukilia ofisini kuna dada atakutumia voisi noti ya dakika nne ya kukupa moyo. Mshenga ni mtu mwingine kabisa. Mshenga hana kazi ya kukufundisha chochote, yeye anakwenda nyumba ya watu wewe haupo, anakaa kwenye jamvi lao, anataja jina lako, anaulizwa maswali magumu na kujibu, na heshima yake inabaki pale rehani, ukija kuharibu na yeye hapiti mtaa ule. Watafiti wa uongozi, akina Herminia Ibarra na wenzake mwaka 2010, waliliona hilo hilo kwenye makampuni makubwa: wanawake walikuwa wanapata ushauri mwingi tu, lakini wanaume ndo walikuwa na wakubwa wa kuwasemea wakati vyeo vinagawiwa. Yaani wao makungwi na washenga, sisi makungwi peke yake.

Utaniuliza kwani siwezi kujisemea mwenyewe? Unaweza, ila kuna gharama. Kuna mama mmoja wa biashara za teknolojia kule California, Heidi Roizen, alijenga jina kwa kujuana na watu wengi na kuwatumia vizuri. Chuo cha Harvard kikaandika kisa chake cha kufundishia. Mwalimu mmoja wa chuo cha biashara cha Columbia, Frank Flynn, akafanya ujanja na mwenzake, nusu ya darasa wakapewa kisa na jina la Heidi, nusu wakapewa kisa hicho hicho ila jina limebadilishwa kuwa Howard, mwanaume. Wanafunzi wote walikubali kwamba huyo mtu ni hodari, uhodari ukawa sawa. Lakini Howard walimpenda, Heidi wakamwona mbinafsi, hawakutaka kufanya naye kazi. Jambo lile lile, neno kwa neno! Kwa hiyo mwanamke akijipigia debe anaitwa mjuaji, akipigiwa debe na mwenzie anaitwa mtu wa kutegemewa. Ndo maana bwana harusi mwenye akili haendi kujiposea.

Sasa hizo programu za vyuo vya nje ulizosikia. Usiziogope, wala usizitukuze sana. Harvard Business School, ambayo watu wanaitaja kama msikiti wa biashara, ilianza kupokea wanawake kwenye ile MBA yake, shahada ya uzamili ya biashara ya miaka miwili, mwaka 1963, waanze nayo tangu darasa la mwaka wa kwanza, wakaingia wanane. Kabla ya hapo walikuwa wanasomeshwa kwenye chuo cha pembeni cha wanawake, Radcliffe, na kuanzia 1959 ndo wakaruhusiwa kujiunga mwaka wa pili. Januari 2014, yaani nusu karne baadae, mkuu wa chuo Nitin Nohria alisimama mbele ya wahitimu kule San Francisco akaomba radhi kwa jinsi chuo kilivyowatendea wanawake, akaahidi kwamba ndani ya miaka mitano asilimia 20 ya visa wanavyofundishia vitakuwa na mwanamke kama mhusika mkuu. Ona hapo, chuo kina pesa, kina majengo, kina wahitimu wanawake wenye makampuni, na bado darasani wanawake walikuwa hawaonekani. Kwa hiyo ninyi kuwa wawili kati ya 43 isiwavunje moyo, ila msidhani kuwa na wahitimu wengi ni programu.

Kinachofanya kazi hasa kimepimwa. Mwaka 2019 ulitoka utafiti wa Yang Yang, Nitesh Chawla na Brian Uzzi, waliwaangalia wahitimu wa MBA wa chuo kimoja kikubwa cha Marekani, wanaume 542 na wanawake 186, wakapekua barua pepe za tangu wakiwa wanafunzi kuona nani anawasiliana na nani, kisha wakaangalia nani alipata kazi ya ngazi gani. Kwa wanaume ilitosha kuwa katikati ya mtandao, ujuane na wale wanaojuana na wengi. Kwa wanawake hiyo haikutosha. Zaidi ya robo tatu ya wanawake waliofika ngazi za juu walikuwa na kitu cha pili, kikundi kidogo cha ndani cha wanawake wawili watatu wa karibu sana. Waliokuwa na vyote viwili walipata ngazi ya kazi mara 2.5 kuliko wale wanawake ambao hawakuwa katikati ya mtandao na watu wao wa karibu walikuwa wanaume. Halafu kuna kipande ambacho watu wanakiruka, na kwangu ndo utamu wenyewe: hao wawili watatu walisaidia zaidi pale ambapo kila mmoja alikuwa na watu wake, siyo wote wanajua watu wale wale. Kwa lugha ya nyumbani, mashoga watatu wa ofisi moja wanaokula chakula cha mchana pamoja kila siku ni raha lakini habari zao ni zile zile, wakati shoga wa benki, shoga wa halmashauri na shoga wa bandarini, hao ukiwakusanya umeona mji mzima.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, mnaweza, tena kwa bei ya kaunta buku moja.

Nasema kaunta buku kwa sababu nimeshaifanya. Kuna kikundi cha wanawake kule Lindi waliniita niwafundishe uongozi, nikawaambia kufundisha baadae, kaeni kwanza chini. Tukatandika mkeka uani, sinia la ming'oko, vile viazi vya porini vya huku kwetu, katikati na chumvi na pilipili, nikachora safu nne: unafanya kazi wapi, unakaa kikao gani, unataka kuwa wapi ndani ya miaka miwili, nini kinakuzuia. Wote walijaza ile ya kwanza haraka haraka. Ile ya pili wakasema hatukai vikao sisi. Nikawaambia fikirini vizuri, hata kama unapeleka chai tu. Dada mmoja mpole, mwembamba, muda wote alikuwa anamenya ming'oko na kuwapa wengine, akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye ndo huwa anaandika muhtasari wa bodi ya ushirika wao. Mwingine kumbe mjumbe wa bodi ya shule. Mwingine yumo kwenye kamati ya manunuzi hospitali. Walikuwa wanajuana miaka sita na hakuna aliyekuwa anajua! Na hapo hapo kwenye ile safu ya tatu kuna mwenzao anatafuta kazi ya uhasibu kwenye ushirika, na bodi ya ule ushirika ilikuwa inalalamika kila kikao kwamba haipati mhasibu mzuri. Mimi nilimtazama yule wa ming'oko nikamwambia mama, kuanzia leo ukiona jambo la mwenzio usiandike tu.

Anzeni na hilo. 43 wote, safu nne, mwenye simu apige simu kwa walioko mbali, msiweke kwenye grupu kwa sababu hakuna mtu ataandika mbele ya watu kwamba anataka cheo cha bosi wake.

Halafu jigaweni watatu watatu. Na hapa usikubali watu wachaguane kwa mapenzi, watachagua mashoga zao. Changanya, mmoja wa benki, mmoja wa serikali, mmoja wa biashara au ushirika, ikiwezekana na wilaya tofauti. Watatu hao wanaongea mara moja kwa mwezi, nusu saa inatosha, na swali la lazima ni moja: mwezi huu umetaja jina la mwenzio wapi? Siyo "umemshauri nini". Umemtaja wapi, kwa nani, akasema nini. Miezi miwili ya kwanza mtaoneana aibu, watu watasema sijapata nafasi. Mwezi wa tatu nafasi zinaanza kuonekana zenyewe kwa sababu sasa unakaa kikaoni masikio yako yamesimama.

Lakini mshenga hauzi bidhaa mbovu. Mtwara ni mji mdogo mwanangu, ukimpigia debe mtu akaenda akaharibu hesabu, mwaka mzima hamna atakayesikiliza jina lingine kutoka kwenye grupu lenu. Kwa hiyo wale watatu lazima wawe na ruhusa ya kuambiana "bado". Na kwa ninyi wahasibu "bado" mara nyingi ina jina, CPA, ile sifa ya juu ya uhasibu. Kama nafasi ya mhasibu mkuu inataka CPA(T) na wewe umekwama ngazi ya kati tangu umeolewa, washenga kumi hawakusaidii. Hapo ndo mchango wenu uende. 43 mara elfu tano kwa mwezi ni 215,000, kwa mwaka ni 2,580,000, hiyo inalipia ada za mitihani ya NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu, kwa wenzenu kadhaa kila mwaka na vitabu juu. Na mpange kwa akili ya huku kwetu: mitihani ni Mei na Novemba, lakini Novemba minada ya korosho imepamba moto, aliye kwenye AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, au ghalani au benki hapati usingizi, anasimamia malipo ya wakulima mpaka usiku. Kumwandikisha huyo Novemba ni kuchoma hela. Wa korosho wote wafanye Mei, Novemba waachieni wa shule na hospitali. Na vikao vyenu vikubwa pia visiwe kati ya Oktoba na Desemba, mtaishia kukaa watu saba.

Michango ya misiba na harusi itoeni kwenye grupu hilo, fungueni lingine. Sisemi msizikane, la hasha, ila tangazo la usaili likija chini ya picha ya mwaliko wa send-off limeshapotea.

Mkiona hela imekaa mkashawishika kuanza kukopeshana, mjue hapo mmebadilika kuwa kikundi cha huduma ndogo za fedha, daraja la nne kwenye Sheria ya mwaka 2018, na lazima mjisajili kupitia halmashauri. Siyo dhambi, ila ni kazi nyingine na ugomvi mwingine, na nimeona vikundi vingi vizuri vikifia kwenye deni la laki mbili la mtu mmoja. Mi ningeacha.

Mfadhili? Mwaka wa kwanza hapana. Mfadhili anakuja na fulana, na bango, na ripoti ya kila robo mwaka, mtajikuta mnafanya semina ya siku mbili hotelini ili picha zipatikane. Nendeni chuoni kwenu mkaombe vitu vitatu visivyo na hela: chumba Jumamosi moja moja, orodha ya wahitimu wanawake mliopoteana nao, na saa moja na mabinti wa mwaka wa tatu. Halafu hapo kwenye ule msamaha wa Harvard mjifunze kitu, andikeni visa vyenu wenyewe, kurasa mbili tu, mwanamke aliyeendesha ghala la korosho msimu ambao magunia yalichelewa alifanya nini, mpeni mwalimu afundishie. Binti wa Nanyumbu akisoma kisa cha kiwanda cha Chicago anafaulu mtihani tu, akisoma cha dada aliyekuwa anakaa bweni lake anapata mtu wa kumtafuta.

Kuhusu wanaume na maneno yao. Mabosi waingizeni ndani badala ya kubishana nao. Chama cha Waajiri Tanzania, ATE, kina programu yake ya kuandaa wanawake viongozi, waliichukua kwa waajiri wa Norway ambao walianza yao, Female Future, mwaka 2003. Wanafundisha uongozi, kazi ya bodi, na kusema mbele ya watu, na ujanja mzuri wa mpango ule ni kwamba mwajiri ndo anamteua mwanamke na kumpeleka. Ukishampeleka mtu kwa hela yako unataka kuona imezaa nini, si ndo hivyo? Kwa hiyo mwandikieni bosi barua, mwambieni fulani tunamwandaa, tunaomba akae kama mtazamaji kwenye kikao cha menejimenti mara mbili kwa mwaka. Wengi watakubali, haiwagharimu hata soda. Na ule utafiti wa barua pepe haukusema mwanamke awakimbie wanaume, ulisema asiwe na wao peke yao. Mshenga mwanaume anafaa sana, wenye viti wengi bado ni wao.

Waume ni jambo la nyumbani kwa kila mtu, siwezi kuwapa dawa moja. Ila mwaka huu badala ya sare ya kitenge waiteni siku ya chakula, waone mnaongea nini. Mume wangu mimi aliacha kunung'unika siku alipoona kaunta buku, akakaa kimya kidogo, akaniuliza kama naweza kuongeza jina la mdogo wake wa kike.

Jambo la mwisho, wale wenzenu walioacha kazi wakalea au wakarudi shambani, msiwatoe kwenye orodha. Safu yao ya pili mara nyingi ndo inashinda ya kwenu, mwenye duka pale sokoni anasikia nani anahama na nani anastaafu kabla barua haijachapwa.

Mi niko Lindi mpaka msimu uishe. Ukishajaza hata majina ishirini nitumie picha za kurasa, funika majina, niachie zile safu mbili za katikati nikutengenezee watatu watatu wa kwanza. Na ukipita Mnazi Mmoja ukakuta ming'oko ya moto usinipite nayo.